Mie Gari, Wewe Geti

Mzee Mbwana aliswali alfajiri, akavuta uradi wake, kisha akabaki palepale kwenye mkeka akiomba jambo ambalo hajapata kumsikia mtu akiliomba. Aliomba gari lisiwake.

Gari lenyewe lilikuwa uani, limefunikwa turubai la bluu. Lilikuwa kigari kidogo, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, injini ya petroli ya siisi elfu moja tu. Ni vile vigari ambavyo watu wa Dar wameviita bebi woka, kwamba hata mtoto anayejifunza kutembea anaweza kujikongoja navyo. Lilikuwa la mkewe, Bi Rukaiya. Bi Rukaiya amelala makaburini tangu kabla ya mfungo, na gari nalo limelala uani tangu siku hiyo.

Leo fundi angekuja kulikagua.

Mambo yalikuwa hivi. Mbwana na Rukaiya hawakujaaliwa mtoto. Kwa hiyo alichokiacha Rukaiya kilikuwa cha watu wawili: mumewe, na kaka yake, Marijani, anayekaa Kawe. Vyombo viligawiwa. Kanga zilikwenda kwa wanawake waliomwosha. Likabaki gari. Shehe akasema gari halikatwi kwa msumeno, lithaminiwe, liuzwe, kila mmoja apate fungu lake.

Marijani hakuwa mtu wa tamaa. Yeye ndiye msimamizi wa mirathi, na kilichomtisha ni maswali ya kesho mbele ya Mungu. Alikuja Mtoni, nyumbani kwa Mbwana, akakaa na shemeji yake barazani, wakaelewana.

"Shemeji, tumlete fundi. Akisema halifai, basi, libaki hapohapo uanikie nguo, na fungu langu nimesamehe. Akisema linafaa, liuzwe. Sawa?"

"Sawa," Mbwana alisema.

Alisema sawa kwa kuwa aliona dalili. Matairi yalikwishakaa chini kama maandazi yaliyokosa hamira. Paka alizaa chini ya injini. Gari lililokaa hivyo, alijiambia, ni maiti.

Tangu jioni ile alikuwa akiomba liwe maiti.

Mbwana hakusoma. Alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, enzi zile ambazo hapa Mtoni mtu haozeshi binti mpaka godoro lishonwe. Alichambua sufi, akajaza, akapiga kwa fimbo mpaka ikakaa sawa, akashona kingo kwa sindano ndefu kama kiganja. Kisha yakaja magodoro ya sponji, mepesi, yenye maua, yanayobebwa juu ya bodaboda. Watu wakaacha kumwita. Akakaa nyumbani. Hakulalamika. Hakuwa mtu wa maneno.

Maneno alimwachia mkewe, naye alikuwa nayo ya kuwatosha wawili na majirani wakaazima. Rukaiya alipaka hina. Maharusi wa Mtoni, wa Ubungo, wa Kawe, wote waliutaka mkono wake. Ua alilochora Rukaiya halikufanana na ua la bibi harusi mwingine, na mwenyewe alijua, na alisema. Alichoka kupakata beseni la vifaa kwenye magari ya watu. Akacheza upatu na wanawake wenzake. Zamu yake ilipofika, wote walidhani atanunua makochi. Akanunua gari. Na kuendesha hajui.

"Sasa utaendeshwa na nani?" Mbwana alimuuliza.

"Na mie mwenyewe. Kwani usukani umeandikwa mwanamke asiguse?"

Akajifunza. Jioni alikuwa uwanjani na mwalimu wake, anazunguka magoli, vijana wamekaa pembeni wanamshangilia kama mpira. Alipopata leseni alimwita mumewe naye ajaribu. Mbwana alijaribu mara moja. Akaliparamia banda la kuku. Akashuka kanzu imeloa jasho, akaapa hatarudia, na Rukaiya akacheka mpaka akakaa chini kwenye manyoya ya kuku.

"Basi tugawane," alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mie gari, wewe geti."

Wakagawana hivyo. Geti lao ni la mabati, limelegea bawaba moja, na ukilisukuma tu haliendi. Sharti ulinyanyue kidogo kwa bega la kushoto, halafu ndiyo usukume. Hakuna aliyelijua kama Mbwana. Ilikuwa kazi yake. Baada ya magodoro, hakuwa na kazi nyingine.

Sasa, kabla ya kufika getini kuna kona, kwa muuza mkaa. Kona mbaya. Dereva anakata usukani mpaka mwisho. Na kigari cha Rukaiya, usukani ukikatwa mpaka mwisho, mkanda wake ndani ya injini ulikuwa unalia: kwiiii! Mafundi walimwambia aubadilishe. Alikataa.

"Mie honi sipigi," alisema. "Narudi usiku kwenye harusi za watu, majirani wamelaza watoto. Hiyo ndiyo hodi yangu. Nikipiga hodi, mwenye geti atasikia."

Na mwenye geti alisikia. Akiwa anakula, akiwa anaswali suna, akiwa usingizini, mkanda ukilia kwa muuza mkaa alisema, "Karibu," peke yake, kama mtu anayejibu hodi, akainuka. Taa za gari zikitokea, geti liko wazi. Hata mara moja Rukaiya hakusubiri nje.

Aliangukia Kawe, kwenye nyumba ya bibi harusi, koni ya hina bado iko mkononi. Presha. Marijani, aliyekuwa jirani na hapo, alimkimbiza hospitali kwa gari hilohilo. Haikusaidia kitu. Jambo lile Marijani hakutaka kulisema kwenye simu. Akaendesha mpaka Mtoni alasiri ile. Mkanda ukalia kwa muuza mkaa.

"Karibu," Mbwana alisema, akanyanyua geti.

Akashuka Marijani, peke yake.

Leo walikuja watatu. Marijani alitangulia, kofia mkononi. Nyuma yake mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa viatu vya chini na amejishika kiuno kama mtu aliyetoka kuteka maji. Huyu ndiye aliyetaka kununua. Jina lake Clara, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara. Anakaa Ubungo, na amehamishiwa shule ya huku Temeke. Wa tatu alikuwa fundi wake, Twaha, kijana mwenye ovaroli iliyosahau rangi yake, amebeba betri begani.

"Shikamoo mzee wangu," Twaha alisema.

"Shikamoo baba," Clara alisema, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo kwao.

"Marahaba. Karibuni."

Mbwana aliiangalia ile betri. Hakuwa amefikiria kwamba mtu anaweza kuja na betri yake.

Twaha alivuta turubai. Paka akatoka mbio. Twaha akaangalia kibao cha namba, akapiga kelele kama aliyekutana na mwanafunzi mwenzake.

"Namba B! Madam, mkongwe huyu. Kaingia mjini mie sijavaa suruali ndefu."

Dar ndivyo watu wanavyokadiria umri wa gari, kwa herufi iliyoko kwenye namba. A ni mababu, B ni wazee wanaowafuata.

"Ni zee kabisa," Mbwana alisema haraka. Watu wote wakamgeukia, maana haraka haikuwa tabia yake. "Limechoka."

"Hata wewe mzee umechoka, lakini si unatembea?" Twaha alisema, akacheka, akainama kwenye boneti.

Alishika injini kwanza kwa kiganja. Akaeleza, bila kuulizwa, kwamba wauzaji wengi huwasha gari asubuhi na mapema ili mnunuzi akija likute joto, liwake kwa ulaini, maradhi yajifiche. "Hii baridi kama maji ya mtungi. Mzee hajatufanyia usanii." Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa nyeusi lakini safi. "Haijageuka maziwa. Maji hayaingii. Halafu mama alikuwa anabadilisha oili kwa wakati, inaonekana."

"Alikuwa anabadilisha," Marijani alisema. "Dada yangu angeweza kusahau kula."

Mbwana aliona mambo yanakwenda vibaya. Akasogea.

"Linavuja."

"Oili?"

"Mvua. Mvua ikinyesha, maji yanaingia miguuni."

Twaha akanyanyua zulia la chini, akapapasa, akapiga bati kwa fundo za vidole. "Mpira wa mlango umekufa tu. Bati zima."

"Kioo cha nyuma hakishuki."

"Kipi?"

"Cha kushoto. Kilikwama mwaka ule wa mafuriko. Na liliwahi kutumbukia mtaroni."

"Wapi?"

"Ubungo. Alikuwa anampisha mbuzi."

"Shemeji," Marijani alisema kwa sauti ya chini, "tunauza au tunashitaki?"

Mbwana alikuwa ameanza na sasa hakujua kunyamaza. Alisema kwamba taa ya kulia hufifia. Akasema kwamba likipanda mlima lina abiria wanne linahema kama mgonjwa wa pumu. Akasema redio inakamata kituo kimoja tu, nacho ni cha mawaidha. Maisha yake yote hakupata kusema maneno mengi namna ile mbele ya wageni, na kila neno alilitoa kwa Rukaiya, maana yeye ndiye aliyekuwa akirudi nyumbani, anavua viatu, anaanza: leo taa imenifanya hivi, leo nimewapakia wanene wanne tumeshindwa kupanda, tumeshuka tunasukuma na bibi harusi ndani.

Twaha alisikiliza, akaweka mikono kiunoni.

"Mzee, wewe ungekuwa dalali ungekufa na njaa."

Clara hakucheka. Alikuwa anamtazama mzee.

"Fundi," alisema, "tumeangalia magari mangapi mpaka sasa? Kila tunapokwenda, gari halina tatizo hata dogo. Lilikuwa la daktari, lilikuwa la mzungu, lilikuwa linakwenda kanisani tu Jumapili. Ukigusa mlango unabaki mkononi. Huyu baba ndiye mtu wa kwanza kuniambia ukweli."

"Hilo nalo neno, madam."

"Mie gari ya mtu mkweli naichukua hata ikiwa na kioo kibovu."

Mbwana alifumba mdomo. Alikuwa amelisifu gari kwa kulitukana, na ndiyo kwanza anagundua.

Twaha alifungua mlango wa nyuma. Kwenye kiti kulikuwa na doa kubwa la rangi ya kutu, na juu ya dari, vidole vitano vya mtu vimepigwa muhuri.

"Eh! Mzee, humu walichinja?"

"Hina."

"Inatoka?"

"Haitoki."

Siku moja bibi harusi alichelewa, Rukaiya akampakia hina haijakauka, wakaingia shimoni, msichana akashika dari. Rukaiya alisugua wiki nzima. Halafu akaacha, akasema basi lina baraka za bibi harusi, nani mwenye gari la hivyo.

Clara akaingia mbele, akakaa kwenye kiti cha dereva. Akajisogeza, akaegemea, akafumba macho.

"Jamani," alisema. "Kiti hiki kina nini?"

"Kina nini tena?" Twaha alishituka.

"Kama kitanda. Mgongo umenyamaza. Miezi mingapi mgongo huu haujanyamaza!"

Marijani akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mwulize shemeji yangu hapo. Kafumua sponji yote akajaza sufi. Dada alilalamika mgongo siku moja tu, kesho yake gari halina kiti, liko uani kiti kiko chumbani."

"Umeshona wewe, baba?"

Mbwana alitikisa kichwa kukubali. Alikumbuka alivyoichambua ile sufi, punje kwa punje, asibakize mbegu ya kumchoma. Lilikuwa godoro lake la mwisho. Alilishona kwa kipimo cha mtu mmoja, na sasa mgongo wa mtu mwingine ulikuwa umelala pale na umestarehe.

Twaha akafunga betri yake.

"Madam, zungusha funguo."

Ya Rabi, Mbwana alisema moyoni, lisiwake.

Gari likakohoa. Likanyamaza. Mbwana akashika mlingoti wa kamba ya nguo. Likakohoa tena, refu zaidi, kama mtu anayeamshwa hataki. Kisha likawaka. Likatetemeka kidogo, likatulia, likaanza kuimba ule wimbo wake mwembamba. Twaha akaenda nyuma, akaweka kitambaa kwenye bomba la moshi, akakinusa, akakionyesha.

"Moshi hakuna. Injini ndogo hizi, ukizitunza, zinakuzika. Na mafuta inanusa tu, hainywi. Tukaitie pumzi matairi, halafu tuzunguke nayo barabarani tuisikilize."

Marijani akajipakia nyuma, juu ya hina. Mbwana akaenda getini, akaweka bega la kushoto, akanyanyua, akasukuma. Gari likapita. Akafunga. Bega lake lilifanya kazi hiyo lenyewe, hakuliamuru.

Akakaa kwenye kigoda.

Kule Barabara ya Kilwa malori yalikuwa yakiunguruma. Jirani mmoja alikuwa anakaanga samaki. Mbwana alijaribu kufikiri juu ya mambo aliyokwishakubali. Alisema sawa kwa mdomo wake. Fundi amesema linafaa. Fungu la Marijani hana cha kumpa, na Marijani hakumwomba asichostahili. Hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote.

Kwiiii!

"Karibu," alisema.

Alikuwa amekwishainuka. Alikuwa amekwishaweka bega. Geti lilifunguka pana, kwa wepesi, na yeye amesimama pembeni yake, mgongo umenyooka, uso umechangamka, kwa muda ule mfupi ambao mkono unafanya jambo kabla akili haijafika. Kisha bebi woka likatokea, na nyuma ya usukani alikuwa mwalimu wa Ubungo.

Akili ikafika. Mbwana akaangalia chini.

"Baba, umejuaje tumefika?" Clara alisema, akishuka. "Hata honi sijapiga!"

"Nimesikia."

"Hata mie nimesikia," Twaha alidakia, tayari amefungua boneti. "Mzee, umetusomea makosa yote ya gari hili tangu lizaliwe, mpaka mbuzi wa Ubungo umemtaja. Mbona huu mkanda unaolia hukusema?"

Mbwana aliachia geti, akasogea.

"Huo si ubovu."

"Si ubovu? Njoo uone." Alimulika kwa tochi ya simu. Mkanda ulikuwa umechanika-chanika pembeni kama utambi wa jiko. "Huu unasubiri siku. Siku ukikatika, usukani unakuwa mzito kama jiwe, na madam yuko kwenye kona."

"Uacheni," Mbwana alisema.

"Tuuache?"

"Uacheni tu."

Clara akamsogelea. Alizungumza kwa upole, kama anavyozungumza na mtoto ambaye hajafanya hesabu zake lakini ana sababu nyumbani.

"Kwa nini, baba?"

Mbwana alitafuta la kusema. Alikuwa nalo, lakini ukilitoa nje ya kichwa lilikuwa kichekesho: mzee anayetaka gari la watu liharibike kwa ajili ya sauti. Akamtazama mwalimu, ule mgongo mbovu, zile funguo mkononi mwake.

"Nina mtoto mdogo, baba," Clara alisema. "Nitakuwa nampakia nyuma hapo. Ukikatika?"

Mbwana aligeuka, akakitazama kiti cha nyuma, pale penye doa la hina.

"Ubadilisheni," alisema.

Wakapatana bei, Clara na Marijani, bila kelele. Ikaamuliwa kwamba Twaha alichukue gari mpaka gereji kwake, hapo karibu, afunge mkanda mpya, na Clara aende naye alione linafungwa. Wakirudi, ataitwa mjumbe awe shahidi, waandikishane, mwalimu aondoke na gari lake. Mbwana akafungua geti. Gari likatoka. Kwenye kona ya muuza mkaa mkanda ukalia, mara moja, ukikwenda upande wa pili.

Ilikuwa mara ya mwisho na alijua. Hakusema karibu. Mtu anayeondoka haambiwi karibu.

Marijani alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake karibu na kigoda cha shemeji yake. Pale uani palibaki mraba mkavu ambao mvua za miezi yote hazikuugusa, na watoto wa paka wawili wanatazama huku na huku, hawajui paa limekwenda wapi.

"Mwanamke mstaarabu," Marijani alisema. "Gari limepata mtu."

"Ndiyo."

"Wewe fungu lako utalifanyia nini?"

Mbwana aliinua bega. Marijani akaachana na hilo. Alikaa akigeuza kofia yake mkononi.

"Shemeji, kuna kitu nimekaa nacho. Siku ile niliyokuja na... siku ile. Njia nzima kutoka Kawe nilikuwa naomba foleni isiishe. Nilisema nikifika nitasimama hapo nje kwanza, nijikaze, nitafute maneno, halafu ndiyo nipige honi. Nafika, geti liko wazi. Wewe umesimama unacheka. Sikupata hata muda wa kujifuta uso. Ulijuaje?"

Mbwana alisugua magoti yake.

"Mkanda."

"Mkanda upi?"

Kisha maana ilimfikia Marijani polepole, ikaonekana usoni mwake ikifika.

"Ule unaolia?"

"Alikuwa hapigi honi."

"Lailaha." Marijani alisimama, ndoo ikaanguka. Akatoa simu mfukoni. "Ngoja nimpigie yule kijana asiufungue. Au asiutupe basi, auweke... Madam mwenyewe muungwana, akielezwa..."

"Wacha."

"Ungesema mapema, shemeji! Mie ningelirudisha turubai kwa mikono yangu. Mungu shahidi, ningesema halifai."

"Fundi kasema linafaa."

"Mie ndiye msimamizi!"

"Ndiyo maana. Wewe ndiye utakayeulizwa."

Marijani alibaki amesimama, kidole juu ya simu. Macho yake yalikuwa yamejaa, na yalikuwa macho ya Rukaiya, yale yale mapana, ambayo Mbwana alikuwa ameyakwepa tangu msibani.

"Wacha, Marijani," Mbwana alisema. "Mkanda ukilia huko Ubungo, utakuwa unamwita nani?"

Simu ikarudi mfukoni. Marijani akaiinua ndoo, akakaa.

Mbwana alikaa anasikiliza. Hakutaka, lakini masikio hayana komeo. Bajaji ilipita. Pikipiki ilipita. Muuza mkaa alimwita mteja kwa jina, wakabishana kuhusu kopo, wakacheka. Kwa muda mrefu kona ilikuwa na sauti za kila namna isipokuwa moja. Alijiambia labda gereji mkanda wa gari lile haukupatikana. Gari zee, namba B, vitu vyake adimu. Aliwaza hivyo, kisha akajikataza.

Pii! Pii!

Ilikuwa hapohapo, nje ya mabati. Marijani alimtazama. Hakuinuka, maana geti halikuwa kazi yake na alijua. Mbwana naye hakuinuka. Alikuwa ameelekeza uso upande wa kona, bado anangoja.

Honi ikalia mara ya pili.

"Nani?" Mbwana aliuliza.

Miaka yote na geti lile, hakupata kuuliza hivyo.

"Ni mie, baba! Clara! Tumerudi!"

Akasimama kwa kushika ukuta. Akaweka bega la kushoto, akasukuma. Geti halikwenda. Alikuwa amesahau kunyanyua. Akarudi, akanyanyua, akasukuma tena, mabati yakaburuzika chini kwa kelele, na pengo likafunguka kidogo kidogo mpaka gari likapata pa kupita. Neno karibu halikumjia.

Kigari kilipita mbele yake taratibu, kikaingia uani, kikasimama pembeni ya ule mraba mkavu. Twaha alikuwa anafuta mikono. Clara alitoa kichwa dirishani, ana furaha kama msichana.

"Nimekata kona yote mpaka mwisho, baba. Kimya! Limekuwa kama jipya. Unasikia?"

Mbwana alishika geti kwa mikono miwili.

"Nasikia," alisema.